Wifi Aliyemfuta Baba

Wifi yangu Pudensiana hawezi kukaa kimya mbele ya kompyuta. Huisemesha. Huibembeleza, huigombeza, huiuliza imeamkaje leo. Mtu akipita barabarani anaweza kudhani kuna ugomvi wa mume na mke humo ndani, kumbe kaka yangu Lugano yuko Chunya kwenye kazi yake ya umeme, na anayekaripiwa ni dirisha.

Nikisema dirisha, usigeuke kutazama ukutani kama alivyofanya mama yangu. Dirisha lenyewe ni kile kisanduku kinachofunguka kwenye kioo cha kompyuta unapowasha programu. Pudensiana anafundisha hesabu na kompyuta kwenye sekondari moja ya kata nje ya mji wa Tukuyu, na starehe yake kubwa, badala ya kusuka nywele na kusengenya kama binadamu wengine, ni kuandika vijiprogramu. Anaandika mistari michache ya amri, anabofya, dirisha linafunguka, na ndani yake anachora anachotaka: saa, ramani, picha ya mtu. Mimi ni fundi cherehani. Ameshanieleza mambo haya mara nyingi nikiwa napima viuno vya watu, na kila mara naitikia "ehee" bila kushika hata robo yake.

Kwao ni Muleba, mkoani Kagera. Alipangiwa kazi huku akiwa hajawahi hata kuisikia Rungwe. Siku aliyoshuka stendi mvua ilikuwa inanyesha, akauliza itakatika lini, watu wakacheka. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na alikaa siku nyingi bila kujua kwamba kuna mlima mzima umesimama juu ya kichwa chake, mpaka asubuhi moja ukungu ukafunguka akapiga yowe. Anasema alichanganyikiwa siku ile na hajapona mpaka leo. Kilichomtuliza ni migomba. Kwao ndizi ni ebitoke, kwetu ni amatoki, na alipoona kuna watu wengine duniani wanaoamini kuwa asiyekula ndizi bado hajala, akaamua kukaa. Kisha akakutana na kaka yangu, akaamua kukaa moja kwa moja.

Katika kazi yake hiyo ya kuchora madirishani, kilichomtesa kilikuwa kufuta. Nakumbuka hafla ya kumuaga mkuu wao wa shule aliyekuwa anahamishwa. Pudensiana alitengeneza programu ya kuonyesha picha ukutani kwa projekta: kwanza mkuu anayeondoka, mkubwa, amejaa dirisha zima, kisha aondolewe, achorwe mgeni rasmi. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilishona sare za kwaya. Picha ya mkuu ikaja, tukapiga makofi. Ikaja ya mgeni rasmi, ndogo kidogo kuliko ya kwanza, na pembeni ya sura ya mgeni, kulia na kushoto, yakabaki masikio ya mkuu wa shule. Pudensiana akabofya. Masikio yakabaki. Akabofya tena. Mgeni akaondoka, mkuu akarudi nusu. Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakatolewa nje, na mgeni rasmi alihutubia huku anajipapasa masikio yake mwenyewe.

"Lakini nimeiondoa!" alikuwa ananiambia tukirudi nyumbani, karibu alie. "Wifi, ile picha nimeitoa kwenye kompyuta. Haipo! Sasa kile kilichobaki pale ni nini?"

Nikamwambia labda ni pepo. Hakucheka.

Baadaye alielewa, akanieleza kwa mfano wa ubao, na kwa mara ya kwanza nikashika kitu. Kuchora picha dirishani ni kama kuandika ubaoni kwa chaki. Ukiitupa chaki, maandishi hayaondoki. Lazima uupake ubao rangi yake upya, au uliamrishe dirisha lijichore lote tangu mwanzo, ndipo picha inapotea. Na hapo kuna mtego mwingine. Dirisha jingine likipita juu ya lile lako linaweza kuondoka na picha bila ruhusa, kwa hiyo akaongeza amri ya ulinzi: kila dirisha linapofunikwa na kufunuliwa, picha irudishwe palepale. Sasa akawa na picha zinazobaki anapotaka ziondoke, na zinazorudi baada ya kuondoka. "Kuchora si kazi," akawa anasema kila mahali, hata akiosha vyombo. "Kazi ni kufuta." Neno hilo la kufuta lilikuwa mdomoni mwake asubuhi mpaka jioni.

Sasa nije kwa baba.

Baba yetu, Mzee Jacob, aliishi kijijini Masukulu na migomba yake, na alikuwa mtu wa zamani. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, siku nyingine zote alikuwa Mnyakyusa wa kale. Kwetu iko mila ya mke wa mwana na baba mkwe kutotazamana. Wazee wanaiita kutila: mkamwana anamwogopa mkwe wake kwa heshima, hakutani naye njiani, hali naye, hauoni uso wake. Siku hizi wengi wameiacha. Wake wa binamu zangu wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao na kuzitupia kwenye magrupu ya wasapu. Lakini Pudensiana alipoolewa, shangazi yetu Anyosisye, dada yake baba, alimweka chini jikoni akamfundisha mila yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na Pudensiana ni mwalimu wa hesabu. Ukimpa kanuni, anaifuata.

Basi miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuona sura ya baba. Alipokuwa anakwenda Masukulu, baba alikuwa anakohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, ili mkamwana apate nafasi ya kuingia migombani. Kilikuwa kikohozi cha namna yake, cha kubisha hodi. Pudensiana akikisikia anatupa kitenge kichwani na kupotea. Baba akishapita anakohoa tena, maana yake njia nyeupe, rudi. Wakati mwingine baba alisimama upande wa pili wa ukuta akazungumza na kuku: "Nasikia mjukuu wangu ana homa. Dawa nimeweka kwenye kikapu, hapo mlangoni." Pudensiana naye anawajibu kuku walewale: "Tunashukuru sana, ameanza kucheza." Nyuma ya nyumba baba alipanda mgomba mmoja akauita wa mkamwana, na mkungu wake ukikomaa ulikuwa unaletwa Tukuyu bila kuguswa na mtu. Sisi aliotuzaa mwenyewe tulipewa mikungu ya kawaida, na nilishawahi kulalamika kwa sauti, wala haikusaidia.

Mara ya mwisho kwenda Masukulu baba akiwa hai, Pudensiana alirudi amechanganyikiwa kabisa.

"Wifi, nimemkosea mzee kitu gani?" akaniuliza kabla hata ya kukaa.

Alikuwa nje ya jiko anamenya ndizi. Kwa sauti za watu alijua baba amesimama mbele ya nyumba, mbali, na hana safari ya kuja upande wa jikoni. Ghafla baba akakohoa kile kikohozi. Pudensiana akatupa kisu, akajifunika, akakatiza uwanja mbio kuelekea migombani. Akasubiri. Baba hakupita. Alikuwa palepale aliposimama mwanzo, na watu waliokuwa naye wanacheka.

"Amenifukuza bure," akasema. "Kama hataki niwe pale, si angemwambia mama?"

Nikamwambia wazee wana kikohozi cha kweli pia, hasa na baridi hii. Hakuridhika. Jambo hilo alilibeba, na kabla hajapata wa kumuuliza, baba akafariki.

Siku ya mazishi sote tulipita mbele ya jeneza kumuaga. Pudensiana alibaki migombani na kitenge usoni, na alilia kuliko mimi binti wa kumzaa. Jioni nilimkuta ameketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Namlilia mtu nisiyemjua sura," akaniambia. "Wifi, tukikutana mbinguni nitamjuaje?"

Nikamwambia atakohoa. Tukacheka, kisha tukalia upya. Lakini nilijua limemkaa. Alitaka kuuona uso wa yule mzee japo mara moja, ajue alikuwa nani na kama kweli alimchoka. Na hakuwa na wa kumwomba, kwa sababu kuomba kwenyewe kungeonekana utovu wa adabu. Picha za baba zilikuwa kwenye simu yangu. Hakuwahi kuniambia nimwonyeshe, nami sikuthubutu kumwonyesha, maana shangazi Anyosisye bado yu hai na fimbo yake.

Ikafika zamu ya ibada ya kuweka msalaba kaburini. Ukoo ukakubaliana picha za baba zionyeshwe kanisani, na mtu wa projekta atakuwa nani kama siyo mwalimu wetu? Mpango ulikuwa Lugano aje mapema, azichague picha mwenyewe, na mkewe aandike programu tu bila kuangalia kitu. Programu akaiandika vizuri. Kitufe kimoja kilichora picha inayofuata, cha pili kilifuta, cha tatu kilikuza, yaani kuileta picha karibu. Alijaribu kwa picha za mbuzi na za binti yake Ambwene, na safari hii hakuna masikio yaliyobaki.

Lugano akapiga simu. Hajaruhusiwa kazini, atafika asubuhi ileile ya ibada. Na siku moja kabla, mchana, mvua inapiga bati kwa hasira, mama akaingia nyumbani kwa Pudensiana kutoka Masukulu akiwa amefunga memori kadi kwenye pindo la khanga. Mama yangu ni Sekela, mjane wa Mzee Jacob, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia sokoni. Picha zilikuwa za Lazaro, jirani yetu anayepiga picha za harusi.

"Iko picha moja aliitaka mwenyewe," mama akasema akikung'uta maji. "Lasima iwemo. Nimekuja kuichagua."

Pudensiana akapata mtihani. Aiendeshe mashine yenye uso ambao haruhusiwi kuuona. Akatafuta njia yake ya kimahesabu: kompyuta akaielekeza kwa mama, yeye akakaa pembeni, uso ukutani, mkono mmoja kwenye vitufe. Alivijua kwa kupapasa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, jikoni, napika ndizi na kusikiliza kila kitu.

"Mama, picha zitakuja hapo dirishani," akasema.

Mama akageukia dirisha la nyumba. "Mfua itasilowanisha."

"Dirisha la kompyuta, mama."

"Ee. Haya."

Picha zikaanza. Mama anasema "pita", Pudensiana anabofya. Baba na ng'ombe, pita. Baba kwenye harusi ya watu, pita. Halafu mama akasogeza kiti karibu na kioo.

"Huyo," akasema. "Ndiye huyo. Sasa futa."

Pudensiana alishtuka, lakini mkamwana hauliziulizi. Akabofya kitufe cha kufuta.

"Aa! Amekwenda wapi?"

"Nimemfuta, mama."

"Umemfuta, mbona simwoni?"

Hilo likamshinda. Mtu aliyefutwa anaonekanaje? Akadhani ni majonzi ya ujane, kwamba moyo unamtaka marehemu na macho hayamwezi. Akamrudisha taratibu.

"Ee, huyo. Ndaga, mwanangu," mama akashukuru. "Haya, futa."

Akafuta.

"Yesu wangu! Mbona unamwondoa? Nimesema umfute!"

Akamrudisha. Hapo akili yake ikapata maelezo mengine, na haya yakamwingia vizuri zaidi: mama anamlinda yeye. Mama amekumbuka kwamba mkamwana yumo chumbani na uso wa mkwe uko wazi mezani, anataka ufutwe kabla haujaonekana, ila naye bado hajashiba kumtazama mumewe. Ndiyo maana anamwita na kumfukuza. Pudensiana akazidi kugeukia ukuta, akafumba macho kabisa, akafuta tena, mara mbili kwa uhakika.

Na kompyuta nayo ikaamua kuchangia. Betri ilikuwa inaelekea kuisha. Kikatokea kidirisha cha kuonya, kikafunika lile dirisha la picha, kikaondoka chenyewe. Ile amri yake ya ulinzi haikujua kwamba safari hii picha imeondolewa makusudi. Dirisha lilipofunuliwa tu, likamrudisha baba.

"Ameludi!" mama akasema kwa furaha.

"Hawezi kurudi, mama. Nimemfuta."

"Ameludi mwenyewe. Sasa talatibu, mwanangu. Futa."

Huko jikoni nilikuwa nagonga mwiko kwenye sufuria kwa hasira. Kwa masikio yangu mama alikuwa anaomba jambo dogo kabisa, la wazi, kwa upole, na mke wa kaka yangu anamnyima. Kila akiombwa, anamtupa baba yangu nje ya kioo. Nikajiuliza, huyu mwanamke ana kisasi gani na marehemu? Ni kile kikohozi? Au mila imempanda kichwani mpaka anamnyima mjane sura ya mumewe? Sikuelewa, na mimi nisipoelewa huwa nagombana kwanza.

"Mama," Pudensiana akasema, "nimefuta kwa kupaka rangi, nimefuta kwa kulichora dirisha upya. Sijui nimfuteje tena."

"Futa sana," mama akamwambia. "Futa mpaka ajae."



"Mpaka... ajae?"

"Ajae hapo kwenye dilisha lako."

"Mama, nikifuta atajaaje?"

"Sasa usipofuta atajaaje?"

Nikatoka jikoni na mwiko wangu. "Wifi, vuta!" nikapiga kelele. "Vuta! Ya kamba, siyo ya ubao! Mama anasema umlete karibu!"

Pudensiana akafumbua macho. Akanitazama mimi, akamtazama mama. Miaka yote ya kukaa nasi alishajua kwamba mama akisema fitu ni vitu, na akisema fiasi ni viazi. Wazee wetu hawana hiyo v, wakiitafuta wanaipata f. Lakini futa lilikuwa neno lake mwenyewe, la ubaoni na la kompyuta, na mama alipolitamka liliingia moja kwa moja bila kukaguliwa. Masikio yangu mimi, yaliyozaliwa na mdomo ule, hayakuwahi hata kudhani kwamba mtu anaweza kusikia kitu kingine.

"Nilikuwa namfuta," akasema taratibu. "Mama, nilikuwa namfuta kabisa."

"Ndiyo nakuambia umfute," mama akajibu, bado haelewi tunagombania nini.

Ilibidi nichukue kamba ya kuanikia nguo niivute mbele yake, kisha nichukue kitambaa nisugue meza. Alipoelewa alicheka mpaka akapangusa machozi kwa khanga. "Kumbe nilikuwa namwua mala ya pili," akasema. Pudensiana hakucheka. Alikuwa ameshageukia ukuta tena.

"Haya sasa," mama akamwambia. "Ile ya kamba."

"Siwezi kulenga bila kuangalia, mama. Nikivuta, nitamwona."

Mama akaacha kucheka. "Unafikili nimepanda gali na mfua hii nije kumwangalia mume wangu? Mimi namjua. Nimekuja umwone wewe. Alisema mwenyewe kabla hajalala: siku nikiwa sipo, mkamwana aonyeshwe ile ya Lasalo."

Pudensiana alikunja pindo la kitenge, akalikunjua, akalikunja tena. Nilitaka kumharakisha lakini nikajiuma mdomo. Kisha akageuka.

Baba alikuwa amesimama mbele ya nyumba na koti lake la kanisani, kofia mkononi, anacheka na mapengo yake yote. Pudensiana akasogeza kiti mezani. Aliweka kidole kwenye kitufe cha tatu, uso ule ukaja karibu, ukaja tena, ukajaa dirisha. Akatazama paji la uso, macho, mikunjo ya shavuni. Akafika pembeni.

"Masikio ya Ambwene!" akasema. "Kila siku namuuliza Lugano, mtoto huyu masikio kayatoa wapi? Kumbe ni haya!"

"Bado," mama akamwambia. "Lejea kidogo. Sasa futa hapo nyuma. Nyuma ya bega."

Safari hii alielewa. Nyuma ya bega la baba kulikuwa na uwanja, ule wa kati ya jiko na migomba, na uwanjani kuna kitu cha njano. Akavuta. Alikuwa mtu, anakimbia. Kitenge kichwani, mguu mmoja hewani, kandambili moja imebaki nyuma. Kitenge kile nilikipinda kingo mwenyewe kwa cherehani yangu.

"Huyu ni mimi," Pudensiana akasema.

"Ee. Alimwambia Lasalo, nataka picha na mkamwana wangu. Lasalo akasema, msee, mila haikubali. Akamwambia, wewe shika mashine yako tu. Ukisikia nakohoa, piga."

Ndizi zilikuwa zinaungua jikoni na hakuna aliyekwenda kuzitoa. Pudensiana aliangalia kioo, akakigusa kwa ncha ya kidole pale penye njano.

"Hakunifukuza," akasema. "Wifi, hakunifukuza." Halafu akalia vibaya, kilio cha mtu aliyefiwa leo. "Na mimi nilikuwa namfuta, kumbe nimo humohumo."

Kesho yake kanisa lilijaa. Madirisha, haya ya kweli, yalizibwa kwa mablanketi ili picha zionekane. Lugano alikuwa amefika na vumbi lake la Chunya. Hadithi ya futa na vuta ilikuwa imeshazunguka masufuria yote tangu alfajiri, na kila aliyeisikia alikuwa anaipeleka kwa mwenzake na chumvi kidogo. Shangazi Anyosisye naye aliisikia. Niliona anaisikiliza bila kutabasamu, na nikaogopa, kwa sababu mkamwana aliyemfundisha yeye alikuwa amekwenda kusimama mbele ya kanisa zima, kitenge kiunoni, kichwa wazi, ameelekea ukuta utakapotokea uso wa mkwe wake.

Picha zikapita vizuri, moja inafutika na nyingine inachorwa, hakuna masikio ya mtu yaliyobaki. Ya mwisho ikawa ile. Baba akajaa ukutani na mapengo yake, na nyuma ya bega kile kidoa cha njano, kidogo mno, hakuna ambaye angekijua kama hajaambiwa. Pudensiana hakuinamisha uso.

Shangazi Anyosisye akasimama kwenye benchi la mbele akiegemea fimbo. Akamtazama kaka yake pale ukutani. Akamtazama Pudensiana. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kukataza watoto:

"Futa."

Hakuna aliyecheka. Wengine tuliinamisha vichwa. Mkono wa Pudensiana ulisimama juu ya vitufe.

"Shangazi," akauliza, na kanisa zima likasikia, "ya ubao au ya kamba?"

Shangazi akainua fimbo, akaielekeza nyuma ya bega la kaka yake.

"Ya kamba," akasema. "Nataka nimwone huyo anayekimbia."